Tai chi kwa anayeanza: namna ya kupiga hatua kwa kiuno

Kila Jumamosi asubuhi, tukimaliza mazoezi ya tai chi, ile sanaa ya kupigana ya Wachina inayofanywa polepole, hapa Moshi, hakosekani mgeni wa kunivuta pembeni: "Mwalimu, mguu upi unaanza?" Wiki inayofuata anakuja mwingine: "Mbona goti linaniuma?" Na wa tatu: "Mbona wewe ukinyanyua mguu unatulia, mimi nayumba?" Nimeyajibu maswali haya matatu mara nyingi mno, kwa mdomo, kwa simu, kwa ujumbe wa sauti nikiwa ndani ya daladala. Leo nayaandika ili anayeanza awe na mahali pa kurudi akiwa peke yake nyumbani.

Yote matatu yana jibu moja. Mguu haujipeleki. Kiuno ndicho kinachoupeleka, na hauondoki mpaka uwe mtupu, yaani usiwe umebeba hata kilo moja ya mwili wako. Kila zoezi utakalolikuta hapa chini linafundisha jambo hilo hilo kwa njia tofauti.

Mwongozo huu ni wa miguu tu. Najua unataka mikono, maana ndiyo inayopendeza kwenye video. Mimi mwenyewe nilianza na mikono. Nilijifunza mtiririko mzima, yaani matendo yote ya tai chi yanayofuatana, kwa kuiga, nikajiona nimeiva, na baada ya miezi michache goti la kulia likavimba hata ngazi za nyumbani zikanishinda. Aliyenifundisha wakati ule hakuwahi kuniambia goti linatakiwa kufanya nini nikigeuka. Nilikaa wiki sita bila mazoezi, kisha nikaanza upya, kwa miguu peke yake. Ndiyo maana nakusisitizia: mikono isubiri.

Kabla hujaanza

Eneo. Urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 vinatosha. Sakafu ya saruji iliyo kavu ndiyo nzuri kuliko zote, na nyasi fupi zinafaa. Vigae vibichi vilivyotoka kupigwa deki, hapana. Zulia nene, hapana, kwa sababu unyayo hauhisi kitu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wetu unateleza kama sabuni, kwa hiyo hamia barazani.

Viatu. Tafuta raba bapa zenye soli nyembamba. Ukienda soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba, ishike raba uikunje katikati. Ikikubali kukunjika, na kisigino chake hakijainuka kuliko mbele, inunue. Raba za kukimbilia zenye soli nene laini ni nzuri kwa kazi yake, lakini hapa zitakuyumbisha. Kandambili usivae kabisa, vidole vinakazana kushikilia mkanda na mguu mzima unakakamaa. Peku ni sawa ikiwa sakafu ni safi.

Nguo. Suruali pana, au dera lililopandishwa juu ya vifundo vya miguu. Kanga iliyofungwa ikabana inafunga nyonga, na nyonga ndiyo tunayoitafuta.

Vifaa vingine ni kiti imara kisicho na magurudumu, kipande cha chaki na mkeka. Tenga dakika 20 kwa siku. Kama umekula mlo kamili, subiri walau saa moja.

Kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa goti au nyonga, kama unapatwa na kizunguzungu, kama presha yako haijatulia au kama una mimba, zungumza na daktari wako kwanza. Usione aibu kumwonyesha mazoezi yenyewe pale pale ofisini kwake. Atakushauri vizuri zaidi akikuona.

Nadharia, kidogo tu

Ukimwambia mtu akuonyeshe mguu wake unapoanzia, atashika paja. Lakini kuna msuli mrefu unaoanzia kwenye pingili za uti wa mgongo pale kiunoni, unashuka ndani ya tumbo, unapita mbele ya nyonga na kujishikiza juu ya mfupa wa paja kwa ndani. Huo ndio mmoja wa misuli mikuu inayonyanyua goti. Kwa hiyo mwalimu akikuambia "nyanyua mguu kwa kiuno", hasemi mafumbo. Mguu umefungwa kiunoni kweli. Ukilegeza paja na kuruhusu tumbo la chini lifanye kazi, mguu unakuja mwepesi.

Wachina huiita sehemu iliyo vidole vitatu hivi chini ya kitovu dantiani. Kwa mazoezi haya ichukulie kuwa ni usukani. Inapogeuka, mguu unafuata.

Mazoezi yenyewe

1. Simama juu ya mafiga matatu.

Achanisha miguu kiasi cha upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Kila unyayo una mafiga matatu: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo. Uzito wako ukae katikati yake, kama sufuria. Wengi wetu tumezoea kusimama juu ya figa la nyuma peke yake, na wengine unyayo umebonyea kwa ndani, figa la kidole kidogo halina kazi. Tambua wewe uko kundi gani.

Legeza magoti bila kuyakunja. Kifandugu kining'inie kuelekea chini, utosi uende juu, kidevu kirudi ndani kidogo, mabega yashuke. Pumua kwa pua, tumbo la chini lijae na lipungue lenyewe. Kaa hivyo dakika 3. Dakika ya kwanza utawaza ugali wa mchana. Kwenye ya pili ndipo utaanza kuhisi mwili ukicheza kidogo mbele na nyuma juu ya mafiga. Uache ucheze.

2. Itafute nyonga.

Weka ncha za vidole kwenye ule mkunjo ambapo paja linakutana na tumbo, pale suruali inapojikunja ukikaa. Sasa shuka kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kigoda akaitwa kabla hajafika. Mkunjo umeze vidole vyako. Ukivimeza, umeipata nyonga. Kama magoti yamekwenda mbele na vidole viko vile vile, umekunja magoti tu, hujakaa. Rudi juu, jaribu tena.

Wachina wana neno la sehemu hiyo: kua. Halina uhusiano na kukua kwetu, lakini ukilisikia kwenye video ujue ndiyo nyonga hiyo kwa ndani.

Ukishaizoea, weka kiti mbele yako, ukingo wa kikalio ukigusa magoti yote mawili kwa mbali. Fikiria umesimama katikati ya saa kubwa ya ukutani iliyolazwa chini, na kitovu kinatazama saa sita. Kigeuze taratibu mpaka saa saba, rudi saa sita, nenda saa tano. Kichwa na kifua viende pamoja na kitovu. Magoti yabaki yakigusa kiti. Goti likiondoka, umezidisha. Utashangaa jinsi mzunguko wa kweli wa kiuno ulivyo mdogo: wengi siku ya kwanza hawafiki hata saa saba kamili. Usilazimishe, ndani ya wiki chache utaongezeka wenyewe.

Onyo: hapa ndipo goti langu lilipoharibikia. Goti limeumbwa hasa kukunja na kunyoosha. Ukiwa umelikunja, unyayo umekazwa chini na mwili mzima unauegemea mguu huo, kisha ukageuka kwa goti, unalisokota. Mara moja hutasikia kitu. Mara 200 kwa wiki utasikia. Usiruke zoezi la kiti hata kama unaliona la kitoto.

3. Mimina uzito.

Ondoa kiti. Fikiria una madebe mawili, moja katika kila mguu, na maji ya kujaza debe moja tu. Mimina polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Hesabu hadi 6 unapokwenda, hadi 6 unaporudi. Kichwa kisiinuke wala kisishuke, na bega lisitangulie. Kinachosafiri ni kiuno, kikiwa bapa kama sinia la chai.

Ukifika kushoto kabisa, jipime: nyanyua unyayo wa kulia kimo cha karatasi tu kutoka sakafuni. Kama ilibidi uegemee au kujirusha ndipo unyanyuke, debe halikuwa tupu. Mimina zaidi. Ukinyanyuka wenyewe, kimya, bila mwili kujua, hapo ndipo mguu unaitwa mtupu. Fanya mara 10 kila upande, kila siku. Nasema kila siku kwa sababu huu ndio msingi wa yote, na unaweza kuufanya ukisubiri maji yachemke.

4. Mguu na tumbo, juu ya mkeka.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Penyeza kiganja kwenye uwazi ulio kati ya kiuno na mkeka. Toa pumzi taratibu mpaka uwazi upungue na mgongo ukibonye kiganja kidogo. Ukiwa umelinda mbonyeo huo huo, nyanyua unyayo mmoja kama sentimita 5, uteremshe, nyanyua mwingine. Mara 8 kila mguu.

Kiganja ndicho hakimu. Mgongo ukiondoka juu yake pale mguu unaponyanyuka, paja limevuta peke yake na tumbo limelala. Punguza: nyanyua kisigino tu, vidole vibaki chini. Baada ya siku kadhaa simama, rudia zoezi la 3, na nyanyua mguu ukitafuta hali ile ile uliyoihisi kwenye mkeka.

5. Nyata.

Hapa ndipo tunapopiga hatua ya kwanza. Wachina huita kutembea kama paka. Kiswahili kina neno linalotosha: kunyata. Umewahi kuingia chumba ambamo mtoto mchanga amelala? Unapeleka mguu, unagusa, unahakikisha hakuna kikombe, kisha ndipo unaukanyaga. Mwili tayari unajua.

Chora kwa chaki mistari miwili sambamba, umbali wa mabega yako. Kila mguu utakaa kwenye mstari wake kama magurudumu ya treni juu ya reli. Weka kiganja kimoja chini ya kitovu, cha pili mgongoni kwenye kiuno, ili mikono isikusumbue. Kisha:

Mimina uzito kulia. Geuza kitovu kuelekea kushoto, na vidole vya mguu wa kushoto, ulio mtupu, vifunguke nje kiasi cha nyuzi 45 vikizungukia kisigino.

Mimina uzito wote kushoto. Kaa ndani ya nyonga ya kushoto mpaka mkunjo umeze.

Mguu wa kulia sasa ni mtupu. Uache uje karibu na kifundo cha kushoto. Anayeanza aguse sakafu kwa vidole kidogo, hakuna ubaya.

Upeleke mbele kwenye mstari wake wa kulia. Kisigino kiguse kwanza, kwa wepesi wa mtu anayejaribu kama chuma ni cha moto. Usihamishe uzito bado.

Jipime: uvute mguu urudi. Ukirudi bila shida, hatua ilikuwa ya kweli. Ukishindwa, uliuangukia. Fupisha hatua.

Upeleke tena. Sasa laza unyayo wote, figa moja moja. Sukuma ardhi kwa mguu wa kushoto, kitovu kigeuke polepole kurudi saa sita, na uzito uende mbele mpaka mguu wa kulia uwe umebeba kama asilimia 70. Goti la mbele lielekee upande ule ule wa vidole na lisivipite. Mguu wa nyuma unyooke bila kufungwa goti, kisigino chake kibaki chini.

Huo mkao uliofikia unaitwa mkao wa upinde. Utaukuta kila mahali katika tai chi.

Mwalimu wangu mkubwa wa zoezi hili ni mama mmoja ambaye hajui kuwa alinifundisha. Nilikuwa nateremka kutoka Kibosho asubuhi ya mvua, njia ya udongo katikati ya vihamba, mimi nikishika kila mgomba uliokuwa karibu. Yeye alikuwa mbele yangu na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimtazama miguu. Unyayo ulitangulia, ukagusa, ukasubiri kidogo, kisha nyonga ikahamia juu yake, na ndipo mguu wa nyuma ukaachia. Shingo ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyekaa. Alipoteleza mara moja, aliteleza kwa mguu uliokuwa bado mtupu, akaurudisha, akauweka pengine, mkungu haukutikisika. Mimi nilianguka mara mbili kabla ya kufika barabarani, kwa sababu nilikuwa natupa mguu pamoja na mwili. Tangu siku hiyo nikifundisha kunyata namwambia mtu abebe kitabu kichwani. Jaribu nawe.

Makosa ninayoyaona karibu kila wiki:

Kutembea juu ya kamba moja. Mguu wa mbele unaangukia mbele ya ule wa nyuma, mtu anayumba, anadhani hana mizani. Mizani anayo, ila ametoka kwenye reli. Angalia chaki.

Hatua ndefu. Inaonekana ya kishujaa kwenye picha. Urefu sahihi ni ule ambao mguu mtupu unaufikia bila uzito kuufuata, basi. Kwa wengi siku za mwanzo ni kama unyayo mmoja na nusu wa nafasi.

Goti la mbele kuingia ndani. Jiangalie kwenye kioo au mwombe mtu akutazame kwa mbele.

Kupanda na kushuka kama pampu. Chagua kimo kimoja, cha juu, cha kustarehe, ukibakize. Kushuka chini sana ni kwa waliozoea miaka. Miezi yako mitatu ya kwanza simama karibu wima.

Kuna jambo moja la wasiwasi ambalo vijana wananiletea: "Mbona polepole hivi?" Anayeuliza mara nyingi ni mpagazi au mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, na huwa namkumbusha kwamba yeye mwenyewe huwaambia wageni "pole pole" kutoka getini mpaka kileleni, mita 5,895. Mlimani ni kwa ajili ya pumzi. Hapa ni kwa ajili ya kuona. Katika kila hatua kuna sehemu fupi ambayo unaanguka bila kujua, na mwendo wa kasi unaificha. Ukienda taratibu unaiona, na ukiiona unaweza kuirekebisha.

6. Unganisha hatua.

Uko kwenye mkao wa upinde, mguu wa kulia mbele. Rudisha uzito nyuma kidogo, kaa kwenye nyonga ya kushoto, vidole vya kulia vinyanyuke. Kitovu kigeuke kulia kuelekea saa saba, na mguu wa kulia ufunguke pamoja nacho nyuzi 45 hivi juu ya kisigino. Laza unyayo, mimina uzito wote juu yake, mguu wa kushoto uje mtupu karibu na kifundo, kisha upeleke mbele kwenye mstari wa kushoto. Endelea mpaka uwanja uishe, geuka, rudi.

Walimu hawafanani hapa. Wapo wasiorudisha uzito nyuma kabisa, wanaufungua mguu wa mbele ukiwa umebeba. Inawezekana, na wanaoijua wanaifanya vizuri kwa nyonga iliyofunguka. Kwa anayeanza naikataa. Geuza mguu ukiwa mtupu, goti lako litabaki salama.

7. Kurudi nyuma na kwenda ubavu.

Kurudi nyuma ni kunyata kulekule, ila vidole ndivyo vinavyogusa kwanza, kisha unyayo, kisha kisigino. Baki kwenye reli zako. Wengi wakirudi nyuma huweka mguu nyuma ya mwenzake, wakageuka wakawa wamejifunga.

Kwenda ubavu ni rahisi zaidi: nyayo sambamba zikitazama mbele, mimina upande mmoja, mguu mtupu uende kando, vidole viguse kwanza, mimina, mwingine ufuate na kukaribia. Kitovu kinageuka saa tano na saa saba kila uzito unapohama.

Ratiba

Wiki 2 za kwanza fanya zoezi la 1 hadi la 4 tu. Kuanzia wiki ya 3 ongeza kunyata, hatua 10 kila mguu, ukisimama na kujipima kila hatua. La 6 lisubiri mpaka uweze kuvuta mguu urudi bila kuyumba mara 9 kati ya 10. Kwa mmoja itakuwa wiki ya 5, kwa mwingine mwezi wa tatu. La 7 likija, linakuja kirahisi.

Dakika 20 kila siku zinazidi saa mbili za Jumamosi peke yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni muda mzuri sana hapa kwetu: jua bado halijawa kali, na mara nyingi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi kabla mawingu hayajaifunika. Itazame. Macho yakiwa mbali, shingo inanyooka yenyewe.

Ukikwama

Goti linauma kwa mbele. Karibu kila mara limevipita vidole au umeshuka chini sana. Panda juu, fupisha hatua, rudi kwenye vidole na mkunjo wa zoezi la 2. Likiuma kwa ndani, linaingia ndani au unaligeuza likiwa limebeba. Acha kunyata siku tatu nne, fanya zoezi la kiti. Likivimba, likijifunga au likiuma usiku, nenda hospitali, na mazoezi yasimame.

Mapaja yanawaka moto na kutetemeka. Hii si hatari, misuli inafanya kazi ambayo haijaizoea. Pumzika, endelea. Maumivu ya misuli yanakaa katikati ya nyama na yanaisha kwa siku mbili tatu. Maumivu ya kiungo yanachoma mahali pamoja, hayo ndiyo ya kusikiliza.

Nayumba nikinyanyua mguu. Jiulize kwanza kama debe lilikuwa tupu. Kisha angalia macho: ukitazama chini, kichwa kinakuvuta. Kisha angalia pumzi, wengi wanaibana bila kujua. Hesabu kwa sauti, maana huwezi kuhesabu na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Bado unayumba? Fanya karibu na ukuta, kidole kimoja kikigusa. Mzee wa miaka 70 na zaidi aanze hivyo moja kwa moja, na asiharakishe kuuacha ukuta. Tai chi ni miongoni mwa mazoezi ambayo utafiti umeonyesha yanapunguza kuanguka kwa wazee, lakini ni kwa anayeyafanya kwa usalama.

Mgongo wa chini unauma. Unasukuma makalio nyuma ukidhani ndiko kukaa. Simama ukiegemeza mgongo ukutani, shuka kidogo ukiteleza juu ya ukuta, uone kifandugu kinavyokwenda chini.

Nyonga siihisi kabisa. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu aliniambia hivyo kwa majuma manne mfululizo, karibu akate tamaa. Nikamwambia, "Mama, leo usifanye tai chi. Kaa kwenye kigoda kama unachambua mchicha, halafu inuka polepole bila kushika kitu, halafu kaa tena." Alipofika katikati akasimama, akaweka mkono kwenye mkunjo, akasema, "Kumbe ni hapa!" Kama umekwama, tafuta kigoda.

Je, hii ni dini? Naulizwa sana, na swali ni la haki. Tai chi ni sanaa ya kupigana. Chimbuko lake hutajwa kuwa kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, China, katika karne ya 17. Falsafa ya Kidao imo ndani ya baadhi ya maneno yake. Mazoezi niliyokuandikia hayana sala wala ibada. Mazoezini kwetu wapo Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na saa ya ibada ikifika kila mmoja anakwenda kwake.

Mikono lini? Ukiweza kunyata kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine kitabu kikiwa kichwani na hakijaanguka. Hapo tafuta mwalimu au video ya mtiririko wa matendo 24, ule uliofupishwa China mwaka 1956 kutoka mtindo wa Yang. Baada ya ufunguzi, tendo la kwanza huitwa kugawa singa za farasi mwitu, na linarudiwa mara tatu: kushoto, kulia, kushoto. Zima sauti, usitazame mikono, tazama miguu yake tu. Utakuta ni zoezi la 5 na la 6.